Uwazi kando ya stesheni: wachuuzi, ghala, kota, zabibu au tuta la reli iliyong'olewa?

Meza yangu ni plaiwudi moja nzima, futi nane kwa nne, imekaa kwenye chumba cha uani hapa Dodoma. Juu yake kuna modeli ya kipande cha Reli ya Kati: stesheni ndogo ya kubuni niliyoiweka kichwani mwangu kati ya Kigwe na Bahi, njia kuu, njia ya kupishania, na jengo la stesheni lenye kuta nene na paa la bati. Jengo hilo lilinichukua miezi. Nilipolibandika mahali pake, upande wa magharibi ulibaki uwazi wa sentimita 60 kwa 35, na uwazi huo umenisumbua kuliko jengo lenyewe.

Kwa skeli ya 1:87, ambayo ndiyo ninayotumia (sentimita moja ya mezani ni sentimita 87 za kweli), eneo hilo ni kama mita 52 kwa 30 za uwanja wa kweli. Ni padogo kwa kijiji, ni pakubwa mno kuachwa hivi hivi. Nimeujaza na kuubomoa mara kadhaa, na katika kubomoa nimejifunza tofauti za vitu ambavyo mwanzo niliviona sawa tu, vyote "vya kuziba nafasi".

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yetu, aliyefanya kazi ya reli mpaka kustaafu. Alikuja siku moja, nikamwamkia, akavuta kiti akaiangalia meza kimya kwa muda mrefu.

"Mwanangu, watu wanapita wapi?"

Nikamwonyesha barabara ya mbele ya jengo.

"Hiyo ya magari. Nakuuliza watu. Treni ikipiga honi kule kwenye kona, wanatokea wapi?"

"Bado sijaweka, babu."

"Basi anza na hapo."

Tangu siku ile kila kinachopendekezwa kwa uwazi ule nakipima kwa swali moja: hiki kinasubiri treni, au kimekaa tu karibu na treni? Nafasi, gharama na kazi ya mikono navyo nitavitaja, lakini swali hilo ndilo lililoamua.

Wachuuzi chini ya mwarobaini

Hili ndilo la kwanza kumjia yeyote aliyewahi kupanda treni ya Kigoma. Treni haijasimama vizuri na tayari masinia yako dirishani: kuku, mayai ya kuchemsha, karanga, maji, mabuyu. Hakuna kitu kinachosubiri treni kuliko mchuuzi wa stesheni. Kwa swali la mzee, jibu lake ni kamili.

Kosa nililofanya ni kuwarundika watu wote nyuma ya jengo, kwenye kibanda kimoja, kama genge la mtaani. Haiko hivyo. Treni ni ndefu na jukwaa ni fupi. Mabehewa ya daraja la tatu yanaishia mbali, kwenye kokoto. Mchuuzi mzoefu hajipangi mbele ya ofisi ya stesheni masta. Anajipanga pale anapojua dirisha litasimama. Ukiwaangalia kwa makini wanafanya mstari mrefu, mwembamba, sambamba na reli, na nyuma yao kuna kivuli kimoja wanachokirudia treni ikiondoka. Kwenye meza mstari huo unakula upana wa sentimita nane au kumi tu. Zinazobaki ni za mti, kijia na vumbi.

Kazi yenyewe ni ya mikono na karibu ni bure. Vile viduara vinavyodondoka kwenye mashine ya kutobolea karatasi ofisini vina kipenyo cha milimita 6. Kwa 1:87 hiyo ni nusu mita na kidogo, yaani sinia kamili. Pindisha ukingo kwa ncha ya kalamu, paka rangi ya fedha, sinia limekwisha. Mabuyu natumia punje za ulezi. Punje ya milimita moja na nusu inasimama kama buyu la sentimita 13, na rangi yake ya kahawia haihitaji hata kuguswa. Zipake vanishi pande zote kabla ya kubandika, maana nafaka isiyopakwa wadudu huitoboa. Kanga natengeneza kwa karatasi laini ya tishu iliyochovywa kwenye gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji. Unaizungusha mwilini mwa sanamu ikiwa mbichi, unaikunja mikunjo kwa kijiti cha meno, ikikauka unaipaka rangi.

Ugumu uko kwa sanamu wenyewe. Mtu mzima ni sentimita mbili tu, na wanaouzwa wamevaa makoti ya baridi na kofia za Ulaya. Inabidi ukwangue makoti kwa wembe, upake ngozi upya, ubadilishe mikono. Sanamu kumi na mbili zilinimalizia wiki tatu za jioni.

Kuna tatizo jingine ambalo sikuliona mpaka siku nilipomaliza. Treni kwenye meza inapita dakika moja, halafu reli inabaki tupu saa nzima. Wachuuzi niliowasimamisha wameinua masinia juu wakawa wanauzia hewa. Nikawang'oa karibu wote. Sasa wengi wameketi chini ya mwarobaini, masinia mapajani, na wawili tu wamesimama, wamegeuza shingo kuelekea mashariki. Ukiingia chumbani, kabla hujaiona treni unajua kwamba inakuja, na inakuja kutoka wapi.

Ghala na njia ya pembeni

Wachuuzi ni wa macho. Ghala ni la mikono. Kama unachopenda ni kuendesha, yaani kuacha behewa, kulifuata, kuligeuza nafasi na kulirudisha, basi hakuna genge litakalokutosheleza, kwa sababu treni ikishasimama mbele ya wachuuzi kazi yake imekwisha. Ghala linaipa treni sababu ya kukaa nusu saa.

Na mahali petu sababu hizo ziko nyingi. Mpunga wa Bahi, alizeti, karanga na mtama kwenda. Saruji, mabati na mbolea kuja. Usisahau ng'ombe. Reli ya Kati imebeba mifugo mingi kwenda Dar es Salaam, mnada wa Pugu, na zizi la kupakilia lenye mteremko wa mbao unaopanda hadi mlango wa behewa ni kitu kizuri mno kukitazama. Pia ni rahisi kuliko ghala. Nguzo zake ni vijiti vya meno: unene wa milimita mbili ni kama sentimita 17 za kweli, ndio unene wa nguzo ya zizi. Kama huna muda wa kujenga ghala, jenga zizi kwenye njia ileile ya pembeni. Treni itapata kazi sawasawa.

Ila hesabu ya nafasi haina huruma. Ili upate njia ya pembeni unahitaji pointi, yale makutano ambapo reli moja inagawanyika mbili, na pointi peke yake inakula sentimita 17 hadi 20 kabla haijazaa chochote. Katika 60 zangu zinabaki 40. Behewa la mizigo la mita 14 ni sentimita 16 kwenye meza, basi yanaingia mawili, la tatu linaning'inia juu ya pointi. Ukiwa na chini ya sentimita 50 kwa urefu, achana na ghala lenye njia hai. Utapata mateso, si mchezo.

Pointi hiyo pia haipatikani dukani Dodoma. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, na mita moja ikigawanywa kwa 87 ni milimita 11.5, kwa hiyo tunatumia reli ya modeli ya milimita 12. Peco wa Uingereza wanatengeneza reli hiyo, na Bemo wa Ujerumani pia, hasa kwa ajili ya reli za milimani za Uswisi, ambazo nazo ni za upana wa mita moja. Lazima iagizwe na isubiriwe. Wachuuzi unawaanza leo jioni. Ghala unalianza siku mzigo utakapofika.

Nililijenga hata hivyo, na nilifanya kosa ambalo nakuomba usilirudie. Niliweka ukuta wa ghala sentimita moja na nusu kutoka katikati ya reli, kwa kuwa macho yalisema panafaa. Behewa fupi lilipita. Behewa refu lilipoingia kwenye kona ya reli likatupa ncha yake nje, likakomba ngazi za ghala na kupasua ukuta niliouchora tofali moja moja. Behewa refu kwenye kona halifuati reli kwa mwili wake wote. Ncha zinatoka nje na tumbo linaingia ndani. Kabla ya kubandika chochote, funga penseli kwenye kona ya behewa lako refu kuliko yote, lisukume taratibu kwa mkono juu ya njia nzima, na uache penseli ichore mpaka. Nje ya mstari huo jenga unavyotaka.

Bati la paa, kwa ghala na hata kwa jengo la stesheni, natengeneza kwa kopo la aluminiamu la kufungia chakula. Likate, lilaze juu ya kipande cha mpira wa ndala, kisha libingirishie bolti ya M6 (yenye unene wa milimita 6) kwa nguvu. Meno ya bolti hiyo yana nafasi ya milimita moja, na milimita moja ni karibu kabisa na wimbi la bati la kweli kwa skeli hii. Kata vipande vya sentimita tatu, anza kubandika kutoka chini ya paa kwenda juu ili kila safu ilalie iliyo chini yake kama fundi afanyavyo, halafu papasa kutu kidogo kwa udongo mwekundu uliosagwa. Nilipomaliza paa hilo nilikaa nalo mkononi muda mrefu, nikiligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Kota na tanki la maji

Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Vichwa vya treni vya wakati huo vilikuwa vya mvuke, vilikunywa maji mengi, na hii nchi yetu hupata mvua msimu mmoja tu kwa mwaka. Kwa hiyo tanki la maji juu ya nguzo linaeleza ukame wa Dodoma na historia ya reli kwa pamoja, kwa kitu chenye kitako kisichozidi kiganja cha mkono. Kwa mwenye uwazi mdogo, wa sentimita 15 kwa 15 hivi, tanki ndilo chaguo langu bila kusita.

Kota ni habari nyingine. Safu ya nyumba nne zinazofanana, kila moja na jiko lake la nyuma na kamba ya nguo, inajaza uwazi vizuri na ni rahisi kwa kuwa unarudia nyumba ileile. Lakini kota ziko nyumbani, hazimsubiri mtu. Ziweke zikigeuzia reli mgongo, kuelekea ukingo wa meza, nazo zitafunga mandhari kwa nyuma. Zikijaa uwazi wote stesheni inageuka mtaa.

Shamba la zabibu

Kila mgeni anayeiona meza yangu anauliza, "Zabibu ziko wapi? Si hapa Dodoma?" Nilizipanda. Safu zenye nafasi ya mita mbili na nusu ni sentimita tatu kasorobo kwenye meza, basi uwazi wangu ulipokea safu kumi na mbili, waya uliosokotwa kwa shina na sponji iliyosagwa kwa majani. Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba hakuna aliyeiangalia stesheni tena.

Shamba haliisubiri treni. Linasubiri maji na mikono, na zabibu zake zinaondoka kwa gari. Mistari yake iliyonyooka pia inashindana na reli. Jicho linavutwa na safu kumi na mbili za kijani kuliko reli mbili za chuma. Mpenda zabibu namshauri azipande nyuma kabisa, mlimani, zikionekana nusu. Kando ya stesheni sizirudishi.

Tuta la reli iliyong'olewa

Hili sijaliona kwenye meza ya mtu mwingine, na ndilo ninalolipenda zaidi ya yote.

Kongwa ilipata tawi lake la reli kutoka stesheni ya Msagali kwa ajili ya mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Karanga hazikutoka walivyotarajia, mradi ukafa, na reli nayo ikang'olewa. Reli ikiondoka, umbo lake halifutiki upesi. Linabaki tuta la chini lenye mgongo bapa, kokoto zilizozama, kalvati linalopitisha maji bila kuwa na chochote juu yake, na watu wanalifanya njia ya miguu kwa sababu limenyooka na halina tope.

Kwenye meza tuta hilo halihitaji pointi wala reli. Kata kipande cha foamu nyeupe ya kufungashia televisheni, urefu wa sentimita 50, upana wa nne, kimo cha moja, kingo ziteremke polepole. Funika kwa udongo. Kabla gundi haijakauka, kandamiza kijiti cha kiberiti kikilala kukatiza tuta, kila baada ya milimita nane, kisha ukitoe ibaki alama tu. Hizo ni nyayo za mataruma, ile mihimili inayolazwa chini ya reli, yaliyoondolewa. Baadhi zifute kwa kidole, kwa kuwa mvua nayo imefuta. Mwanzoni, pale lilipoungana na njia hai, acha nafasi tupu ya pointi isiyokuwepo tena.

Sasa angalia kilichotokea: mwenye nafasi ya ghala lakini asiye na pointi amepata njia ya pembeni. Na swali la mzee, watu wanapita wapi, limejibiwa papo hapo, kwa sababu wanapita juu ya tuta. Upungufu wake ni kwamba mgeni asiyejua reli haoni kitu mpaka umwelekeze. Wachuuzi anawaona mara moja.

Udongo, kwa chaguo lolote

Usinunue unga wa kijani wa madukani. Nchi yetu ni nyekundu miezi mingi ya mwaka. Chukua udongo wa hapa hapa, ukaushe juani siku mbili, uchekeche kwa chujio la chai, kisha upitishe sumaku juu yake mara kadhaa. Utashangaa unavyojaa chembe nyeusi za chuma. Chembe hizo zikiingia kwenye mota ya kichwa cha treni zitaiharibu, kwa hiyo usiruke hatua hii. Nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili gundi isambae, ndipo umwagie gundi iliyozimuliwa. Udongo ukishika gundi hukolea kuliko ulivyokuwa mkavu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kadibodi na uchanganye chokaa kidogo mpaka rangi irudi.

Miti ya migunga napata kwenye vijiti vikavu. Ukitamani kutumia mnyaa kwa sababu ya matawi yake, subiri ukauke kabisa, maana utomvu wake ni hatari kwa macho. Mbuyu weka mmoja tu. Shina la mita nne ni karibu sentimita tano kwenye meza, na mti wenye unene huo ukiuweka karibu na jengo utaifanya stesheni ionekane banda.

Kama stesheni yako ni ya SGR

Hapo mambo yanabadilika. Upana wa SGR, reli yetu mpya ya kisasa, ni milimita 1,435, na kwa 1:87 unalingana barabara na reli ya modeli ya milimita 16.5 inayouzwa kila mahali, basi shida ya pointi inaisha. Lakini treni hizi za umeme zilizoanza safari za Dodoma mwaka 2024 zinapita ndani ya uzio, na abiria anaingia kwa lango. Mchuuzi hafiki dirishani. Anayesubiri treni yuko nje: bajaji, bodaboda, teksi. Uwazi wako ni maegesho yaliyosakafiwa, bajaji za sentimita tatu zimejipanga, na nguzo za umeme wa reli nyuma yake. Usilazimishe mwarobaini na masinia pale kwa kuwa tu unavipenda.

Kabla ya kubandika

Nilichofanya mwisho ni kujaribu kila kitu kwa maboksi kwanza. Boksi la kiberiti likawa kota, boksi la sabuni likawa ghala, kamba ya katani ikawa kijia, kitambaa kilichokunjwa kikawa tuta. Kila mpangilio niliuacha wiki nzima, nikauangalia asubuhi na usiku, nikiwa nimekaa kwenye kiti usawa wa macho na si nikiwa nimesimama juu yake kama ndege.

Ghala lilishinda wiki yake kwa kuendesha, na mwenye sentimita 90 alichague bila kuniuliza. Kwa 60 zangu nimechagua tuta likipita kwa mshazari kutoka nyuma, na wachuuzi mahali linapofika relini, chini ya mwarobaini mmoja. Paa la ghala nimelihifadhi kwenye boksi kwa ajili ya meza nyingine. Mzee alirudi Jumapili, akainama, akafuata tuta kwa kidole bila kuligusa mpaka pale nafasi ya pointi ilipo tupu. Akasimamisha kidole hapo. "Hii waliing'oa lini?" akaniuliza, na nikaleta kiti cha pili.